Maji Mdomoni

2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala, sijakonda. Nimeyasema yote matatu mapema ili usinirudishie maswali yale yale kama mara iliyopita. Wewe je? Mkono wako una nini? Barua yako ya mwisho herufi zilikuwa kubwa kama za bango la duka, mistari sita ikamaliza ukurasa. Kama karatasi zimekuwa za bure huko, niambie nije kuchukua zangu.

Nina shida ya kazini na sina wa kumuuliza ila wewe. Usicheke.

Unajua ofisi yetu inapanga tarehe za wagonjwa wa hospitali za macho, za miji tisa, na huko kwako kukiwemo. Sasa wameleta akili mnemba, programu inayosoma maombi na kufanya kazi yenyewe. Tumeipa jina la Karani. Karani hana mikono. Ana vifaa kumi na tatu, navyo si vyuma bali ni kazi ndogo ndogo za kompyuta: kimoja cha kumtafuta mgonjwa, kimoja cha kusoma faili lake, kimoja cha kusogeza tarehe, na vingine kama hivyo. Kila kifaa kina jina na maelezo machache. Karani anasoma maelezo, anachagua kifaa, anakitumia. Kilichomo ndani hakijui, na hamuulizi mtu.

Na anakosea, we acha tu! Juzi mtu aliomba kusogezewa tarehe, Karani akamfungulia faili jipya na namba mpya, mtu mmoja akawa wawili. Mkuu wa kitengo akasema Karani hana kosa, kosa ni maelezo. Tukayasoma. Kifaa cha kusogeza tarehe kimeandikwa "Shughulikia miadi", basi, na vingine vitatu vimeandikwa karibu hivyo hivyo. Hata mimi ningekosea. Kazi ya kuyaandika upya yote nimeangushiwa mimi, eti kwa kuwa napenda kuongea. Nina mpaka mwisho wa mwezi, na ndio mwezi wangu wa mwisho wa majaribio ya kazi. Nikivuruga, unanipokea mlangoni na begi langu.

Wewe umetunza stoo ya hospitali miaka thelathini na moja. Mtu ambaye hajawahi kufika alikuwa anaingia na kutoka na kile kile alichotumwa. Ulikuwa unaandikaje zile lebo?

Halafu lile gauni ulilolisifia nilipokuja likizo, ukasema bluu inanipendeza, ni la kijani. Siku ile nilinyamaza kwa heshima. Sasa heshima imeisha.

Chiriku wako


11 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mkono wangu hauna kitu. Nimepata kalamu nene ya kuandikia maboksi na naona raha kuitumia. Karatasi nanunua kwa pesa yangu ya uzeeni, hujachangia hata senti.

Bluu, kijani, zote ni rangi. Ulipendeza, shukuru.

Sasa sikiliza. Nilipoanza kazi, stoo ilikuwa na droo mbili, moja juu ya nyingine, zote zimeandikwa "Mikasi". Aliyeziandika aliona amemaliza kazi. Droo ya juu ni mikasi ya daktari wa upasuaji, inakata nyama ya mtu. Ya chini ni mikasi ya plasta. Muuguzi mgeni akaja mbio, akachukua ya juu, akakatia plasta wiki nzima. Siku ya upasuaji daktari akashika mkasi, ukatafuna badala ya kukata. Alinitukana mimi, si yule muuguzi, na alikuwa na haki.

Nikatoa lebo ile nikaandika: "Mikasi ya upasuaji. Ya kukata mwili wa mtu tu. Usikate plasta, uzi wala karatasi. Unataka kukata plasta? Fungua droo ya chini." Watu wakacheka, wakasema mtunza stoo anaandika barua kwenye droo. Wacheke. Mkasi haukuharibika tena.

Kwa hiyo usiandike kitu ni nini tu. Andika ni cha lini, si cha lini, na kama si hiki basi ni kipi. Andika na kitakachotokea baada ya kukitumia, hasa kama hakirudi nyuma.

La pili ndilo kubwa. Nikimaliza lebo nilikuwa namwita mtu ambaye hajawahi kuingia stoo. Mfagizi, mlinzi, hata mgonjwa anayeweza kutembea. Namwambia: niletee kitu fulani. Kisha najaza maji mdomoni, nasimama nyuma yake. Si kiu. Mtu akianza kuhangaika mbele ya droo ulimi unawasha: hapo, hapana, ya pili! Ukimsaidia umejidanganya, maana siku ya siku hutakuwepo. Maji yanakufunga mdomo. Akipata, unameza. Asipopata, unameza na unaandika upya.

Jaribu. Na usirudi na begi, chumba chako nimekijaza maboksi.

Shangazi,
Mtunza Stoo (mstaafu wa miguu tu)


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo tena, mara mbili! Nimefanya ule mtihani wa maji.

Nilimwita dereva wa ofisi. Tangu azaliwe hajagusa kazi yetu. Nikampa maelezo yangu mapya, nikamwambia wewe leo ni Karani, mgonjwa amepiga simu anasema amesafiri na anataka wiki ijayo, utatumia kifaa kipi? Nikatia funda la maji mdomoni, nikasimama nyuma yake. Anasoma, anakuna kichwa, anakwenda kwenye "Badilisha Faili". Shangazi, nilitaka kupasuka! Akageuka akaniuliza, "Mbona umevimba mashavu, jino?" Maji yote yakaishia mezani kwake. Amenisamehe lakini shati lake limeona.

Ila mtihani ni wa kweli. Mara tano nimeandika upya, mara tano nimemwita. Tazama kimoja. Zamani kilisema "Shughulikia miadi". Sasa: "Sogeza Tarehe. Tumia pale mgonjwa mwenye tarehe tayari anapotaka siku nyingine. Usitumie kwa mgonjwa mpya. Huyo mfungulie kwa 'Sajili Mgonjwa'. Andika siku, mwezi, mwaka, kwa mpangilio huo. Tarehe ya zamani itafutika." Dereva alikipata bila kukuna kichwa. Na Karani alikipata mara hamsini kati ya hamsini.

Vyote kumi na tatu vimekwisha, vinaanza kazi Jumatatu. Kimoja tu hakikunipa taabu, cha kumwondoa mtu kwenye foleni ya upasuaji. Mgonjwa anatumiwa ujumbe wa simu ajibu kama atakuja. Asiyejibu kwa siku saba, anaondolewa, nafasi yake anapewa mwingine. Sentensi moja, na Karani hakukosea hata mara moja. Mkuu alikisoma akasema laiti vyote vingekuwa hivi.

Mama wa Ghorofani hajambo? Bado anatangaza habari za jengo zima pale ngazini? Mdomo wake ungekuwa kifaa cha Karani, ningeandika: "Hufikisha habari kila mlango kwa dakika tano. Usitumie kwa siri."

Chiriku, fundi wa lebo


1 Machi

Chiriku,

Marahaba, mara mbili kama ulivyotaka.

Kwanza usimseme tena Mama wa Ghorofani katika barua zako. Ile ya mdomo kuwa kifaa imemfikia. Usiniulize imemfikiaje. Alinuna siku mbili, ya tatu akacheka mpaka akakaa chini, sasa anaisimulia mwenyewe kila mlango, kwa dakika tano kama ulivyosema.

Kazi yako ni nzuri. Nimefurahi hasa kwa ile ya tarehe ya zamani kufutika. Wengi husahau kusema kinachopotea.

Lakini hicho cha sentensi moja ndicho ningekiangalia mara ya pili. Kule stoo, lebo fupi kuliko zote iliandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Sisemi umekosea, sijui kazi zenu. Nasema kirudie.

Mimi sijambo. Tarehe kumi na mbili nina safari ndogo ya mjini, ya asubuhi, nitarudi siku hiyo hiyo. Hakuna cha maana. Simu yangu ndiyo kero, inalia ti-ti kutwa nzima, kampuni ya simu inaniambia nimeshinda gari. Siku hizi sifungui hata moja. Mtu mwenye haja nami ataandika barua au atapiga nimsikie.

Shangazi


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo fupi, nina furaha na kazi vyote kwa pamoja.

Nimepita majaribio! Barua ya ajira ninayo mkononi. Karani ameingia wiki ya pili, na ile foleni ya upasuaji iliyokuwa haisogei imepungua watu arobaini na mmoja bila mtu yeyote kunyanyua kalamu. Wasiojibu wameondoka, wengine wamesogea mbele. Wakubwa walikuja kutupa mkono. Mkuu wa kitengo akanionyesha kidole: "Huyu hapa na vile vilebo vyake." Nikasema si vyangu, ni vya shangazi yangu. Wakadhani natania.

Kile cha sentensi moja nimekirudia kama ulivyosema. Nimekisoma mara tatu, hakina neno la kuongeza. Ila ahsante.

Safari yako ya tarehe kumi na mbili ni ya nini? Unaandika "hakuna cha maana" kwa herufi kubwa kama mlango.

Chiriku, mwajiriwa kamili


25 Machi

Mwanangu,

Hongera. Nilijua.

Ile safari imevunjika. Nilifika, wakaniambia haipo, nianze upya, labda miezi tisa. Nikawashukuru nikarudi nyumbani. Si neno. Umri huu mtu hapangi tena mambo ya miezi tisa, hayo ni ya wanaotaka mtoto.

Pamoja na barua hii nimekupa kifurushi. Ni daftari langu la lebo, miaka thelathini na moja, kila droo na mara ngapi niliandika upya. Mimi sina kazi nalo tena. Kuna kurasa wino umefifia, zisome wewe mwenye macho ya ujana.

Usinijibu haraka. Una kazi nyingi.

Shangazi


27 Machi

Kwako binti,

Mimi Mama wa Ghorofani, yaani ule mdomo. Ulisema nisitumike kwa siri. Sawa, leo natumika.

Shangazi yako haoni. Si haoni kabisa, lakini mwaka wa pili huu anakwenda kwa kupapasa, na tangu mwaka mpya barua zako zote namsomea mimi. Ndiyo, na ile. Niliisoma yote kwa sauti mpaka "usitumie kwa siri", sikuruka neno. Za kwake anaandika mwenyewe kwa ile kalamu ya maboksi, pua juu ya karatasi, anakataa katakata nimwandikie. Anasema ukiona mwandiko mwingine utaacha kazi uje.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema ni jambo la nusu saa tu kila jicho, akampa tarehe kumi na mbili Machi. Hiyo ndiyo "safari ndogo" yake. Nilimsindikiza mimi. Kaunta wakamwambia namba yake haimo, imeondolewa, hakuthibitisha. Akauliza nithibitishe nini, jamani? Wakasema angalia simu yako. Akasema ahsante. Binti, mwanamke aliyegombana na madaktari miaka thelathini na moja kwa ajili ya mikasi, alisema ahsante akageuka.

Nyumbani nikamnyang'anya simu. Kati ya "umeshinda gari" thelathini nikaukuta wa hospitali: "Thibitisha tarehe yako kwa kujibu NDIYO." Sasa mimi nauliza, mwenye akili gani anamwandikia ujumbe mtu aliyekuja kulalamika kwamba hasomi?

Tangu siku hiyo hatoki. Amegawa vitabu vyake. Daftari lile la lebo alilipapasa jioni nzima kabla ya kulifunga. Anasema amekubali. Mimi sijakubali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuka naye.

Ofisi yenu si ndiyo ya tarehe za macho? Namba ya kadi yake ni 2207. Ulizia huko.

Akijua nimekuandikia atanifukuza ngazini. Lakini andika.

Mama wa Ghorofani


30 Machi

Shangazi,

Tema maji.

Najua kila kitu na najua nani anakusomea barua hii. Mama wa Ghorofani, shikamoo, nisamehe kwa ile, na Mungu akupe mdomo mrefu zaidi. Soma taratibu.

Shangazi, miaka miwili! Nilikaa mezani kwako siku kumi, ukanipakulia, ukanisifia gauni la bluu, na mimi nikacheka moyoni kwamba uzee umekuja. Nimelia ofisini mbele za watu. Nina hasira na wewe na nitaendelea kuwa nayo mpaka nikufikie. Ulinijazia ada ya shule, ulinijazia sanduku, halafu hili moja ukalijazia maji mdomoni. Kwa nini? Mimi si wa kubebeshwa?

Umerudishwa kwenye foleni, pale pale ulipokuwa. Hospitali watakupigia, kwa sauti, na utasikia.

(Ukurasa wa pili.)

Sasa hili. Ulipojua umeondolewa hukuuliza nani kakuondoa. Nitakwambia.

Sisi hatuoni majina, tunaona namba. Nilifungua kumbukumbu za Karani, nikaandika 2207. Zikatoka hivi: "Mgonjwa 2207. Ujumbe umetumwa. Siku saba, hakuna jibu. Nimetumia Ondoa kwenye Foleni. Kazi imekamilika." Karani hakukosea. Alifanya neno kwa neno nilivyomwandikia. Ile sentensi moja, Shangazi. Ile uliyoniambia niirudie, nami nikairudia mara tatu nikaona imetimia.

Ni mimi niliyekuondoa.

Hospitali ya macho, jamani! Nimemwambia Karani awaandikie wasiosoma, kisha awafute kwa kutosoma. Wewe na wengine arobaini, wote wa ujumbe ule wa kwanza; wa pili ulikuwa bado haujatumwa. Na mimi nilishangilia, nikakuandikia kwamba foleni imepungua.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo nikamwambia yote, na barua ya ajira nikaiweka juu ya meza yake. Hakuigusa. Akaniuliza, "Ulimjaribu nani?" Nikasema dereva. Akasema, "Dereva anaona?" Nikasema anaona. Akasema rudisha watu arobaini na mmoja kwanza, kwa mkono wako, mmoja mmoja, halafu tutazungumza. Nimewarudisha wote. Wa kwanza kumgusa ulikuwa wewe, na hapo pia najiuliza kama nilitenda haki.

Sijui nikuombeje radhi. Niambie utakavyo, hata kama ni kunitukana kama yule daktari wa mkasi.

Chiriku


8 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Huu ni mwandiko wa Mama wa Ghorofani, maneno ni yangu. Nimemkatazia kuongeza chake.

Nimekasirika naye siku moja, kisha akaleta chai. Nawe umesema una hasira, haya, kaa nazo, ni haki yako. Sikukwambia kwa sababu ungekuja. Nakujua. Ungeacha kazi katika mwezi wa majaribio, ungekaa hapa unanishika mkono kutoka chumbani mpaka jikoni, na sisi wawili tungekuwa na macho mawili na kazi hakuna. Nilihesabu hivyo. Huenda nilihesabu vibaya.

Hospitali wamepiga. Mtu wa kweli, sauti ya kike, ana adabu. Tarehe ishirini na mbili, jicho la kulia kwanza. Nilimuuliza kama kuna mtu kapitwa ili mimi nipite. Akasema hapana, ni zamu yangu halisi. Nakuuliza na wewe: ni kweli? Kama umenisukuma mbele ya mtu hata mmoja, nirudishe nyuma yake. Foleni ni foleni.

Usije tarehe ishirini na mbili. Njoo nikishafunguliwa.

Shangazi

(Nimeongeza changu kimoja tu: anaogopa, lakini anakula. M. wa G.)


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ni kweli, ni zamu yako halisi. Mbele yako walikuwepo kumi na wanane wakarudi mbele yako. Nyuma yako ishirini na wawili wakarudi nyuma. Hakuna aliyesukumwa.

Kazi bado ninayo. Barua ya ajira ilikaa mezani kwa mkuu siku nne, ya tano nikaikuta kwenye kiti changu. Juu yake ameandika kwa penseli: "Andika upya." Nimeandika. Safari hii sikumwita dereva. Nilikwenda hospitali ya hapa, nikakaa na mzee mmoja anayesubiri upasuaji, nikamsomea, nikajaza maji mdomoni, nikamwacha aseme kila mahali ambapo angepotea. Aliongea nusu saa. Sijawahi kunyamaza nusu saa tangu nizaliwe, unanijua. Hiki hapa:

"Ondoa kwenye Foleni. Kifaa hiki humfutia mgonjwa nafasi yake ya upasuaji, na nafasi hairudi yenyewe. Usikitumie kwa sababu mgonjwa hajajibu ujumbe. Wagonjwa wetu wengi hawaoni vizuri. Kutojibu si kukataa. Kwanza tumia 'Piga Simu', siku tatu tofauti. Kisha mpigie mtu wa karibu aliyeandikwa kwenye faili. Ukikosa wote, tumia 'Mpe Mtu wa Hospitali', naye aamue. Tumia kifaa hiki pale tu mgonjwa mwenyewe aliposema hataki tena."

Shangazi, umenijibu mambo yote isipokuwa ukurasa wa pili. Hujasema neno. Kama umenyamaza kwa hasira, sawa, nitasubiri. Lakini nasubiri.

Chiriku


2 Mei

Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Tazama mwandiko. Kalamu ya kawaida, karatasi ya mistari, na sijavuka mstari hata mmoja. Kiraka kilitolewa siku ya pili. Kitu cha kwanza nilichoona ni uso wa Mama wa Ghorofani, karibu sana, na ana masharubu madogo ambayo miaka yote hii sikuyajua. Nimemwambia. Amenuna tena.

Jana nilichukua barua zako zote nikazisoma mwenyewe tangu mwanzo. Zinasomeka tofauti na alivyokuwa akizisoma yeye, anaweka vituo pasipo na vituo. Nikafika ile ya tarehe thelathini Machi, nikageuza karatasi, nikakuta kuna ukurasa wa pili.

Hakunisomea, wala ile ya Aprili iliyoutaja hakunisomea yote. Nilimpigia kelele kutoka mlangoni, akashuka ngazi ameshika mwiko. Akasema, "Presha yako ilitakiwa iwe chini siku ya kisu. Nikaona hilo utalisoma mwenyewe ukiona." Mwezi mzima mdomo ule umekaa kimya, Chiriku! Kwa hiyo ile lebo yako juu yake nayo ina kosa, irekebishe.

Nawe mwezi mzima umedhani nimenuna. Pole sana. Sikunyamaza, sikujua.

Sasa nakujibu. Nilisoma pale uliposema ni wewe uliyeniondoa, nikakaa kitako. Sitakudanganya, iliniuma. Nilikumbuka pale kaunta, nilivyogeuka. Halafu nikakumbuka ile droo. Daktari alinitukana, lakini alikuja kesho yake akaniuliza nitaandika nini, akanisubiri mpaka nimalize. Lebo yako ilikuwa inasomeka vizuri kabisa, na ilikuwa inakata watu. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja, na mimi sikukufundisha hilo. Nilikufundisha kumjaribu anayeshika kifaa. Anayeshikwa nacho sikumtaja. Kule stoo hata mimi sikumuuliza mgonjwa.

Nimekusamehe. Naandika kwa uwazi ili usitafute maana nyingine.

Ile mpya ni nzuri, lakini kuna mahali utakwama. Umeandika "mpigie mtu wa karibu aliyeandikwa kwenye faili". Je, kama pameachwa tupu? Ongeza hapo. Nakwambia kwa sababu najua faili moja lililoachwa tupu. Siku ya kwanza hospitali waliniuliza mtu wako wa karibu ni nani, nikawaambia sina. Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu huu, nikiwa na wewe. Karani wako hata angetafuta mtu wa kumpigia, angekuta hakuna.

Leo asubuhi nimerudi kuangaliwa jicho. Nikawaomba wafungue faili, nikashika kalamu mwenyewe, nikakuandika wewe na namba yako ya simu. Yule wa kaunta akauliza ni nani wako. Nikamwambia ni mwanangu.

Jicho la kushoto ni tarehe kumi na tisa. Hilo njoo. Chumba chako nimetoa maboksi.

Na uje na lile gauni. Nataka kuliona hilo la kijani.

Shangazi